Tangi Uliloliosha Wewe

Mwaka umetimia, Mama, tangu uliposema unajinyoosha kidogo kitandani, na hukuamka tena. Kiwanda chetu cha bia bado hakijazoea. Sisi ndio kabisa.

Ghala lile la mawe ulilikuta halina paa, popo ndio wenye nyumba. Watu walikucheka. Ukashika mwiko pamoja na fundi mwashi, mkapiga chokaa ukuta hadi ukuta, ukaitwa Mama Chokaa na jina likakuganda. Shayiri ilitoka shambani kwetu, nyuma ya ghala. Baba alilima, wewe ukapika bia, na kila msimu mligombana kuhusu mvua kana kwamba mmoja wenu ndiye anayeileta.

Hukuwa mpole kazini, tusidanganyane. Ulikuwa ukiingia ndani ya tangi mzima mzima na brashi yako, tunaona soli za viatu tu, na sauti inatoka humo: "Nani ameacha maji ya moto yapoe?" Lakini mgeni mwenye njaa ulimlisha kwanza, maswali baadaye. Bia yenye kasoro uliimwaga bila kikao.

Ulipoondoka, Baba alizima jiko. Kaka, uliyemwita Injinia kwa kuharibu kila alichokitengeneza, aliacha kazi yake mjini akarudi. Baba akampa nafasi moja: bia ikitoka ya kueleweka, tunaendelea, isipotoka, ghala linafungwa na shamba linakodishwa. Usingizi ulitupaa, Mama. Tulisugua mapipa yote na mipira yote ya kupitishia bia, isipokuwa tangi la mwisho uliloliosha wewe. Lilikuwa limefungwa vile vile ulivyoliacha.

"Hilo ameshaliosha Mama," Kaka alisema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kubisha. Tukalijaza.

Jumamosi iliyopita tulialika majirani waje kuonja. Kabla hawajafika, Kaka akafungua koki, tukajaribu wenyewe. Baada ya kumeza, ukali wa siki ulibaki kooni.

"Ni kidogo tu," Kaka alisema. "Nani atajua?"

"Mimi nimejua."

"Wewe umekuwa Mama lini?"

Nilitaka kumrushia glasi. Baba alikuwa amesimama kando, funguo za ghala mkononi. Nje majirani walishaanza kufika, tunamsikia fundi mwashi akiwatania wapange foleni. Baba akaja, akaonja, akaiweka glasi chini taratibu. Akamtazama Kaka, uso umemsawijika.

"Mwenyewe unasemaje?"

Kaka aliinama, akafungua koki ya chini kabisa. Bia yote ikamwagika, ikapita mlangoni hadi miguuni mwa wageni, naye akalia mbele yao bila kujificha. Nilimwonea huruma sana. Wageni tuliwapa chai, na hakuna aliyeondoka mapema.

Walipokwisha kwenda, Baba alichungulia ndani ya tangi lako, akanusa.

"Ni hili. Karibu mwaka mzima limefungwa, halafu tunalijaza hivi hivi. Mwenyewe angetutimua wote."

Akavua shati, akachukua brashi yako, akaanza kujipenyeza kwenye ule mlango mdogo. Kitambi kikakwama. Tulicheka sana, mara ya kwanza tangu utuache. Kisha akapenya, na kicheko kikaisha, maana tulijua anasugua kazi ya mwisho ya mikono yako. Alichukua muda mrefu humo. Alipotoka, macho mekundu, alimpa Kaka funguo akamwambia awashe jiko.

Tusamehe, Mama. Tulidhani kutoligusa ndiko kukupenda.

Unakumbukwa na mumeo, aliyeanza tena kulalamikia mvua, mwanao Injinia, binti yako ninayeandika haya, mkweo na wajukuu, dada zako, na fundi mwashi, anayejiita ndugu na hatumpingi. Tangi tutaliosha kila mara. Wewe hatutakusahau kamwe.