Neno Nililomjibu Wilf

16 Januari, 1979

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Whitby, na kikohozi kimekuachia angalau ulale? Mimi mwili ni mzima. Soksi ulizofuma zimefika. Zile kubwa, ulizokuwa umezianza kabla ya msiba, nimeziweka kwenye droo ya Wilf.

Mama, siku ya mazishi ya mwanao uliniuliza ilikuwaje nikakujibu sijui. Leo nitakueleza.

Kazi yangu kwenye mchezo wa Krismasi unaijua: msaidizi wa msimamizi wa jukwaa. Hupanga vifaa, huita waigizaji, hufagia manyoya ya bata wa bandia. Safari hii msimamizi aliugua mafua, nikakalia kiti chake pembeni mwa jukwaa, daftari mapajani, chombo cha kusemea na kusikilizana na mafundi kichwani. Kila taa, kila pazia, kila mlango wa sakafuni husubiri ishara ya neno moja kutoka kiti kile: "Haya." Ndiyo maana hatulitamki ovyo. Ukikubali jambo, sema "sawa", au tikisa kichwa. Wilf alikuwa akinicheka kwamba ikifika Desemba hata paka simwambii haya.

Wiki ile ya msiba sikuipenda. Wilf, akiwa fundi wa jukwaa, alichora mstari wa chaki kuuzunguka mlango wa sakafuni, anapotokea shetani wa mchezo, ili sisi tulio gizani tuuone. Kila onyesho viatu vya wachezaji viliufuta, naye kila mapumziko akapiga magoti akauchora upya. Bernard Pym, anayeigiza bibi kizee, alisimama juu yake na sketi zake pana akamtania, "Wilf, mume wangu wa siri, kaburi hilo unanichorea mimi? Basi lipanue, mwenzio nina makalio!" Tulicheka sote, isipokuwa Cyril Hoyle, anayeufungua mlango ule akiwa chini ya jukwaa. Alisema, "Funga mdomo, Pym. Utani mwingine huitikiwa."

Mchana wa tarehe ishirini na nane Desemba, Bernard alikuwa mbele ya pazia, mzuka ukimnyemelea. Watoto mia sita walipiga kelele, "Yuko nyuma yako!" Yeye akawajibu, "Hayupo!" Wao, "Yupooo!" Nyuma ya pazia kulikuwa giza, na Wilf alikuwa akipanga mawe ya pango. Cyril nilikuwa nimekwisha kumwambia ajiandae. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Mlango ukafunguka mapema, Wilf akatumbukia.

Wakubwa walisema Cyril alikuwa amelewa. Aliapa kwamba alinisikia nikisema haya. Nilipoulizwa, nilijibu kwamba sikutoa ishara, na daftari likaniunga mkono, maana ishara ile ilikuwa ukurasa uliofuata. Cyril akafukuzwa. Mkewe hunipisha njia sokoni akiinamisha kichwa, kana kwamba ananiomba radhi.

Mama, Cyril alisikia sawasawa. Wilf alipomaliza mawe yake alikuja kwenye kiti changu, akainama akaninong'oneza, "Chai, bibie?" Mikono yake ilikuwa na vumbi la chaki. Nilikuwa nimechoka, na nilifurahi kumwona. Nikamjibu, "Haya, mpenzi." Chombo cha kusemea kilikuwa wazi. Akageuka kukatiza jukwaa kuelekea lilipo birika. Kwa kelele za watoto sikusikia hata kishindo. Nilimsikia Cyril tu, masikioni mwangu, akiliita jina la Wilf, akiliita tena.

Sikutoa ishara, ndiyo. Lakini neno nililitoa, na nimelificha karibu wiki tatu huku mtu asiye na kosa akiitwa mlevi.

Alhamisi saa nne kuna kikao cha uchunguzi. Nitalisema mbele ya Cyril na mkewe, wanifanye watakavyo. Nimetaka wewe ulisikie kwangu kwanza, si gazetini. Usiponijibu nitaelewa.

Nisalimie shangazi Hester na majirani. Funga dirisha la jikoni usiku, upepo usikurudishie kikohozi. Na Jumapili, ukimtaja Wilf kanisani, moyo ukikuruhusu, nitaje na mimi.

Mkamwana wako,
Enid