Sumaku ya Bethwel

Chepngetich, leo bwanangu ameniaibisha Litein yote ikiona!

Si unajua mtungi wetu wa maziwa, ule wa stainless, chuma kisichoshika kutu? Umeshika kutu ubavuni. Bethwel akaubeba pamoja na sumaku, mimi nyuma yake, mpaka dukani kwa Monicah: "Uliniuzia feki! Stainless ya kweli haishiki sumaku, na ona, hii inashika!"

Watu wakajaa.

Monicah akaweka hiyo sumaku upande mwingine wa mtungi. Ikaanguka. Akairudisha penye kutu. Ikashika. "Hapa nani alipiga nyundo?"

Wueh! Si ni Bethwel, akinyoosha pale ulibonyea!

Monicah akasema, "Stainless ukiigonga hivyo ikiwa baridi, inaanza kushika sumaku, na kutu inaingia hapo. Mtungi ni mzuri. Fundi ndiye feki."

Fundi ndiye feki! Nilitaka kuingia chini ya kaunta.

Sasa tumefika nyumbani. Mtungi umebonyea tena njiani kwa bodaboda, na fundi wangu anatafuta nyundo.