Injini Aliyoidai Grabau

Kaka yangu mpendwa Verlyn,

Nakuletea salamu kutoka nyumbani, kutoka kwa mahindi ambayo mwaka huu yamenipita kimo, na kutoka kwa mbwa wako ambaye bado analala juu ya viatu vyako vya kazi na kumng'akia kila anayetaka kuvisogeza. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Alaska, umeshiba, na baridi haijakula masikio yako. Sisi huku hatujambo kwa jumla. Hiyo "kwa jumla" nitaieleza huko mbele, kwa hiyo usiruke kurasa kama ulivyozoea. Mama ni mzima, anapika pai za cheri kwa wingi mpaka watu wa kanisani wameanza kumkwepa. Najua simu huko kambini hushika ikipenda, na haya ninayotaka kukueleza si ya kusimuliwa kwenye simu inayokatikakatika.

Bila shaka unakumbuka ubishi wetu wa injini ya gari langu la mbio. Ile ya zamani ilitoboka ubavu mwaka jana katika mbio za mwisho, ikamwaga oili yote kwenye udongo wa uwanja wa kaunti, na mimi nikakokotwa nje mbele ya watu kama ng'ombe mgonjwa. Nikaapa kwamba msimu huu nitanunua injini ya sanduku, ile inayotoka kiwandani tayari, bolti zake zimepigwa lakiri, huruhusiwi hata kuifunua uichungulie. Wewe ulipopiga simu ukaniunga mkono. Ulisema nyakati zimebadilika, Grabau na madereva wenzake wote wanakimbiza injini za sanduku, na Baba amechoka, tumwache apumzike. Mama naye alikuwa upande wetu, ingawa alisema kwa kunong'ona.

Na ukweli, hoja zetu zilikuwa nzito. Unajua sheria ya uwanja ilivyo. Injini ya sanduku haidaiwi. Lakini ukishinda kwa injini uliyoiunda mwenyewe, yeyote kati ya wanne waliokufuata ana haki ya kuweka mezani bei iliyopangwa na kuitaka. Hapo msimamizi anakuuliza mbele ya watu wote, unauza au huuzi. Ukiuza, injini inang'olewa pale pale. Ukikataa, unanyang'anywa ushindi na pointi zako zote za msimu. Sheria iliwekwa ili matajiri wasimalize mchezo kwa injini za bei mbaya, nami siigombi. Ila maana yake ni kwamba fundi akiunda vizuri mno, kazi yake ya majira yote ya baridi inaondoka kwenye gari la mtu mwingine jioni hiyo hiyo. Sasa ya nini kujitesa?

Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema gari ni langu na ninunue ninachotaka, ila injini usiyoruhusiwa kuifungua ni kama mke anayekukataza kumfunua shela mpaka mzikwe. Mama alimtupia kitambaa cha vyombo. Baba akacheka, akasimama, akaniomba jambo dogo tu: kabla sijaagiza hilo sanduku langu, nimsaidie kusogeza ile bloku tupu ya injini iliyokuwa chini ya turubai, maana ilikuwa inamziba njia.

Kaka, mzee yule ni mjanja. Tuliposogeza bloku akasema haya, imeshatoka hapo, hebu ifute vumbi. Nilipoifuta akasema ingiza kidole kwenye silinda, unasikia nini? Nikasema nasikia laini. Akasema rudi tena, usikilize kama unavyomsikiliza mtu anayekudanganya. Nikarudi, na kweli, katikati palikuwa na uvimbe mdogo usioonekana kwa macho. Hapo alikuwa ameshaninasa. Yale makaratasi ya injini za sanduku yalibaki kwenye gari langu mpaka yakapauka, na gereji ya Baba ikaendelea kuwa gereji ya Baba, na jiko lake la kuni likafuka moshi majira yote ya baridi. Maana nilichokuwa nimekiogopa bila kukitamka ni hiki: kwamba siku sanduku litakaposhushwa mlangoni, yeye hatakuwa na sababu ya kuvaa ovaroli asubuhi.

Nilikuwa nampa spana, nashika taa, nafuta oili. Yeye alikaa kwenye kigoda na mikono ndani ya mifuko ya koti. Nataka nikuambie jinsi anavyojua vitu, maana sisi tulikua tukidhani kila baba anajua hivyo. Nikidondosha pini ya pistoni kwenye meza, anasema siyo hiyo, hiyo ni nzito kidogo kuliko wenzake, naisikia. Tukaipima na ilikuwa kweli. Alinikataza kukaza bolti yoyote nikiwa na hasira, na unanijua, kuna siku nilizunguka nje kwenye theluji mara tatu kabla ya kuruhusiwa kurudi. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza alifumba macho, akainamisha kichwa, akakaa hivyo hivyo. Mama alikuja mlangoni kwa sababu ya mtetemo wa madirisha. Baba alipofumbua macho alisema neno moja tu, kwamba inaongea. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mzee yule siku ile.

Basi likaja suala la kutumia akili. Baba alinionya wazi: shinda kwa pua, yaani kwa nafasi ndogo tu. Watu hawadai injini iliyoshinda kwa pua, wanadai ile waliyoiona inaruka. Akasema kila dereva mwenye busara hapa anajua kujifanya anahangaika. Nikaitikia ndiyo, Baba, ndiyo, Baba.

Jumamosi ya maonyesho ya kaunti, viti vimejaa, harufu ya nguruwe wa kukaanga imetanda, nikaanza safu ya nne. Kaka, mimi ni mjinga. Nilipokanyaga mafuta kwenye kona ya kwanza, ile injini ilinishika kama mtu anayenivuta mkono twende. Nikawapita wawili kwa nje, pale ambapo hakuna anayepita. Nikampita Duane Grabau huku namwona kabisa anageuza kichwa. Ningepaswa kulegeza mguu. Sikulegeza. Sikutaka kulegeza! Nilishinda na nyuma yangu hapakuwa na mtu, moyo wangu unaimba, na niliposhuka nikiwa nimejaa udongo hadi kwenye meno, nilimkuta Baba amesimama kando ya gari letu la kubebea vifaa, uso umemsinyaa. Akasema kwa upole kwamba pua yangu ni ndefu kweli kweli.

Grabau hakuchelewa. Unamjua mdomo wake. Alikuja na bahasha yake akipiga kelele ili viti vya juu nao wasikie: "Darla, mama, leo umenipulizia vumbi hadi kwenye figo! Mimi sanduku langu nimelichoka. Namtaka huyo mnyama wa mzee wako Lowell!" Watu wakaguna. Mke wake akamwambia aache, Grabau akasema aache nini, sheria ni sheria, na kizuri chajiuza. Msimamizi akaja na ubao wake, akamuuliza Grabau kama ana hakika, kisha akanigeukia. Unauza au huuzi?

Niliigeukia injini. Watu walidhani nafanya mahesabu ya pointi, kwa sababu nilikuwa wa pili katika msimamo wa msimu na kwa ushindi ule nilikuwa naongoza. Kumbe pointi sikuziona hata kidogo. Nilikuwa nimeshaamua kukataa. Nilikuwa tayari kutupa ushindi na msimu mzima, ili injini ile irudi kwetu.

Sasa nifike penye lile "kwa jumla". Nilikuambia nilikuwa nampa spana. Si kweli, na nimekuwa nikikuficha tangu majani yalipoanza kupukutika mwaka jana, kwa sababu Baba alinilazimisha kuahidi. Baba ana ugonjwa wa kutetemeka, kaka. Mkono wa kulia ulianza, sasa ni yote miwili. Hawezi kushika spana. Hawezi kuingiza pini wala kufunga kifungo cha shati. Daktari amempa dawa na anasema atakuwa nasi miaka mingi, lakini mikono haitarudi. Alikataa usiambiwe kwa sababu alisema utaacha kazi uje kumwangalia kama yai. Alikataa pia watu wa uwanjani wajue. Kwa hiyo ile injini, kila bolti yake, niliikaza mimi. Yeye alikuwa kwenye kigoda, mikono mifukoni, ananiongoza kwa masikio. Nilijua hiyo ndiyo injini yake ya mwisho. Ningemwuziaje Grabau?

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme siuzi. Baba akaja katikati yetu. Akamwuliza Grabau, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataka injini ya Lowell. Grabau akasema ndiyo, mzee, nani asiyeitaka. Baba akasema: "Basi hii siyo. Injini ya Lowell ni ile iliyotoboka ubavu mwaka jana, nenda kaiokote jalalani." Watu wakacheka. Kisha akatoa mikono mifukoni, akainyoosha mbele ya Grabau, mbele ya msimamizi, mbele ya wanaume wote aliowafundisha na aliowashinda. Mikono ilikuwa inatetemeka kweli, maana alikuwa amechoka. Akasema mikono ile haijakaza hata bolti moja ya injini hiyo, haishiki hata kikombe cha kahawa. Akanionyesha kwa kidevu. "Aliyeiunda ni huyu. Kama unaitaka, unaitaka ya Darla. Na wewe binti yangu, uza. Mimi siwezi kuunda nyingine. Wewe unaweza."

Nikamwambia msimamizi, nauza. Sauti yangu ilitoka kama ya kuku, lakini ilitoka.

Grabau alivua kofia. Akaushika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili. Halafu akanigeukia mimi, si Baba, akaniuliza vali ninaziachia nafasi kiasi gani. Nikamjibu atafute mwenyewe. Baadaye nilimwambia, maana tulipokuwa tunaing'oa nililia na yeye ndiye aliyenishikia taa. Baba alikaa kwenye kiti cha kukunja akala mkate wake wa nyama kwa mikono miwili, nusu ya kabichi ikimwangukia mapajani, bila kujificha nyuma ya gari kama alivyokuwa akifanya msimu mzima. Watu walikuja mmoja mmoja kumsalimia. Ila niliona wengine walikuja kunisalimia mimi, nami sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Pesa ya Grabau ingefika karibu nusu ya injini ya sanduku. Mama ameitazama, amenitazama, amesema nifanye ninavyoona. Nimenunua bloku. Iko kwenye stendi sasa hivi, na Baba tangu asubuhi ananituma niingize kidole kwenye silinda ya sita, anasema kuna kitu humo kinanidanganya. Sijakipata bado.

Usiache kazi. Ndivyo anavyosema, na mimi naona tumtii. Lakini mahindi yakishavunwa, uje kwa bata mzinga wa sikukuu ya Novemba, ukae, umwone. Mama anakukumbatia na anauliza kama soksi zilifika. Grabau naye anakusalimu, anasema sasa atakupulizia vumbi hadi huko Alaska.

Nimemsomea Baba barua hii yote, na hakukataza hata neno. Amesema tu kwamba haitoki humu ndani bila yeye kutia jina lake, na amenifukuza mezani nisimshikie karatasi. Hilo la chini ni lake. Lisome polepole, ni jina lile lile.

Dada yako akupendaye,
Darla

L o w e l l