Baraka za Cucu Pale Chania

Kukhu mpendwa, mulembe. Hayo maporomoko kwenye picha ya kadi hii ni ya Chania, hapa Thika. Usidhani nimekuja kustarehe. Nasoma na wanafunzi wazungu waliovuka bahari ili wafundishwe habari za mawe, na jinsi sisi wenyeji tunavyoheshimu maji. Profesa wao ameandika kitabu kizima juu yetu, kwa hivyo anatujua kuliko tunavyojijua.

Jana, kabla hatujashuka mtoni, bibi mmoja mwenye shamba kando ya mto, cucu kama wanavyosema huku, alikataa tuende hivi hivi. Akajaza maji mdomoni, akatutemea sote kifuani, vile wewe hunibariki nikisafiri. Ungewaona, Kukhu. Hao wasomi wa kuheshimu maji walikimbilia gari kutafuta sabuni. Profesa alijipaka spiriti mpaka kwenye ndevu, huku akiniambia nimshukuru cucu kwa niaba yake. Nikamshukuru. Cucu akamtazama tu, akasema, "Haya, mwende na yeye polepole."

Huko chini profesa akapanda juu ya jiwe atueleze umri wa hilo jiwe, na jiwe likamwangusha makalio kwanza kwenye matope. Mimi sikucheka, maana ulinilea vizuri. Nilikohoa tu, kwa muda mrefu.

Ijumaa tuna mtihani wa kuheshimu maji, na msahihishaji ni profesa huyo huyo. Tafadhali simama mlangoni, utazame upande wa Thika, unitemee mengi.

Mjukuu wako ambaye bado hajajifuta,
Nekesa