Mvua ya Mawe na Maua ya Kahawa

Dada Rehema, shikamoo.

Jana hapa Mbozi nilichora shamba la kahawa la mwenyeji wangu, Mama Neema, kwa rangi za maji. Maua ya kahawa ni meupe, kwa hiyo napaka majani tu. Maua ni karatasi ninayoiacha bila rangi.

"Mgeni, rangi imekuishia?" akanicheka.

Mara mvua ya mawe ikaanza ng'ambo ya mto. Akasimama kuitazama; maua yakipukutika, hana mavuno. Ikafika ukingoni mwa mto, ikageukia upande wa Nanyala. Kilima cha kule kilikuwa cheupe kwa barafu, cha huku kwa maua. Miaka yote ya uandishi wa habari sijaona kitu kama hicho.

Mama Neema akaitazama picha. "Ingevuka mto, kahawa yangu yote ingebaki humo pichani tu."

Nikamwachia picha hiyo. Ugua pole na hilo goti, dada yangu.

Mdogo wako, Elia