Dhuluma, Neno Nililolifuta

Jumatatu, Tunduma. Manyunyu tangu alfajiri, nami sina nguvu hata ya kufungua dirisha.

Jana nilikuwa kwetu Hasamba, kwenye kikao cha ukoo. Baba alitutoka mwaka jana. Matanga yalipoisha tu, baba mdogo akahamisha mipaka ya shamba la kahawa ambalo mama amelipalilia tangu aolewe. Kwa kuwa nafundisha Kiswahili, wakanipa kalamu niandike muhtasari.

Mama alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, umenidhulumu."

Nikaandika: Mjane amelalamika kuwa amedhulumiwa shamba na shemeji yake.

Baba mdogo akataka nisome. Nikasoma. Akacheka kidogo. "Mwanangu, dhuluma ni neno la mahakamani. Sisi ni ndugu. Andika tu, shamba limegawanywa."

Wanafunzi huniuliza tofauti ya uonevu na dhuluma. Huwaambia uonevu ni kumtesa mtu kwa kuwa ni mnyonge. Lakini aliyedhulumiwa ana haki yake iliyobaki mikononi mwa mwingine, ndiyo maana neno lenyewe ni zito: linadai kitu kirudishwe. "Limegawanywa" halidai chochote. Halimtaji hata aliyegawa.

Nilijua yote hayo nikiwa nimeshika kalamu. Wazee wote wananitazama.

Nikalifuta.

Niliogopa nini? Kuitwa binti asiye na adabu. Basi, hilo tu.

Mama hajui kusoma. Nilipomsomea upya aliniangalia usoni, akauliza, "Ndivyo nilivyosema?"

Nikainamia karatasi. Baba mdogo akasogeza wino, mama akaweka dole gumba. Kisha akaenda jikoni kuwapakulia chakula, na wao wakala.

Karatasi anayo baba mdogo. Hata tukienda baraza la ardhi, kitakachomshinda mama ni mwandiko wangu. Ndugu wanasema yameisha kwa amani. Mimi najua kwamba mama kadhulumiwa mara mbili, na mara ya pili ni mimi.

Mchana huu kapiga simu. Aliniuliza kama nilifika salama, kama nimekula, kama huku mvua inanyesha. Shamba hakuligusia hata kidogo. Nilijaribu kuanza, "Mama, jana..." akanikatiza kwa upole: "Pumzika, mwanangu. Umechoka."

Nitamtazamaje nikirudi?