Maziwa ya Ndindi, Miguu ya Munyoki

Jumanne, 6 Mei 1986

Jirani yangu Nangila ameanza tena! Amekuja kuomba makaa, akaketi mlangoni, akaniambia nimkataze mwanangu Ndindi maziwa ya shule. Eti yametiwa dawa ya kufunga uzazi. Watoto wake wanamwaga yao chooni. Nikamuuliza nani amemwambia. Watu. Watu gani? Watu tu, Mama Ndindi, wewe hujui hii serikali.

Nikamkumbusha mahindi ya njano ya wakati wa njaa. Alisema yanamaliza nguvu za wanaume. Akayala, mumewe akayala, na mwaka uliofuata akajifungua mapacha! Ameondoka amenuna.

Munyoki alicheka hadi akakohoa. Ndugu yangu huyu — akicheka, chumba chetu kimoja kinakuwa kikubwa. Halafu akawa mzito kidogo. "Si eti serikali haifichi vitu, sista. Inaficha. Lakini ukisikia jambo, uliza nani ameona na macho yake."

Ijumaa, 9 Mei

Wamemchukua Munyoki.

Kazini, mchana, mbele ya makarani wenzake. Kilonzo, dereva wa kiwanda chao, amenifuata hadi kibandani kwangu sokoni Kariokor. Wanaume wanne wenye suti. Walisema wana maswali machache tu. Koti lake lilibaki kwenye kiti, Kilonzo ameniletea.

Kosa? Kilonzo anadhani ni ile karatasi iliyokuwa ikipita kantini, inayouliza pesa za msaada wa njaa zilienda wapi. Wengine waliisoma wakanyamaza. Munyoki aliisoma kwa sauti. Ee Mungu, mdomo wake!

Jumatatu, 12 Mei

Vituo vya polisi. Hapa hayupo. Kule hayupo. Askari mmoja ameniuliza kama nimemtafuta kwa wanawake wake. Hana hata mmoja! Kama hayupo popote, basi yuko wapi?

Jumapili, 18 Mei

Kanisani mhubiri amesema tuwaombee viongozi, asiye na hatia hana la kuogopa. Nimeimba kwa sababu wengine walikuwa wakiimba.

Kwenye mfereji wa maji Nangila alinivuta kando. Shemeji yake anafagia ofisi mjini. Eti chini ya jumba moja refu kuna vyumba vya giza, watu wanafungiwa humo, kunamwagwa maji, wanasimama ndani ya maji mchana na usiku. Nikamuuliza, shemeji yako ameona? Hajaona. Amesikia.

Nikawaka. Nikamwambia awapelekee mapacha wake hadithi hizo, asiniletee mimi juu ya ndugu yangu. Watu wa mfereji wote walisikia. Serikali ina seli, ina mahakama. Hata iwe mbaya namna gani, nani anamloweka binadamu?

Alilia. Mimi nililia baadaye, nikiwa ndani.

Jumatano, 28 Mei

Hakuna habari. Ndindi anauliza mjomba atarudi lini. Nimekunja koti nikaliweka chini ya mto wangu.

Alhamisi, 29 Mei

Nimemwona.

Kilonzo alikuja mbio: Munyoki ameonekana akishushwa kortini. Nilikimbia na aproni. Kesi haikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Hakuna wakili. Wakamsomea shtaka: kupatikana na karatasi ya uchochezi. Akasema ni kweli. Hakimu akauliza kama ana malalamiko yoyote. Akatazama wanaume wenye suti waliosimama ukutani. Akasema hana. Mwaka mmoja na nusu.

Alipopitishwa karibu nami alikuwa akitembea kama mtu aliye juu ya miiba. Alivaa akala, zile ndara za tairi, kamba zimefunguliwa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Nikaiangalia. Nyeupe, imekunjamana, ngozi ya kisigino imeachia pembeni.

Mimi nanunua ngozi za mbuzi machinjioni Kiamaiko, naziloweka kwenye pipa, nakata mikanda ya vyondo, vikapu ninavyouza. Ngozi niliyoisahau majini naijua. Hali hiyo haitokani na kutembea. Hata fimbo haileti hivyo. Ni maji, na siku nyingi.

"Munyoki, miguu?"

"Ndindi hajambo?" akauliza. Askari akamsukuma mbele.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeenda kwa Nangila kuomba msamaha. Nilidhani atanicheka, na ningemkubalia. Alinipa chai ya rangi, akanishika mkono, akasema pole, Mama Ndindi, pole sana. Tukakaa. Nilipoinuka akasema polepole: "Sasa umejua hawa watu. Na bado unampa mtoto yale maziwa?"

Nikaaga, nikatoka. Njia nzima nilikuwa nikibishana naye kichwani. Si kitu kimoja! Miguu nimeiona. Ndani ya maziwa hakuna aliyeona chochote. Ndindi ameyanywa tangu aanze shule, na anang'aa. Munyoki angeniambia niulize nani ameona.

Lakini maji nayo, nani alikuwa ameyaona? Hakuna. Nami nilisema haiwezekani, tena kwa sauti, mbele ya mfereji mzima.

Ndindi hakunywa maziwa yake leo. Ameniletea, kwa sababu sili. Pakiti iko mezani. Nimeikata pembe. Anasema tugawane, na ameshaleta vikombe viwili. Wiki tatu zilizopita ningemimina bila hata kuinua kichwa. Amesimama hapa kando yangu, mkono kwenye kikombe, ananiuliza naandika nini, na kwa nini simimini.